Hodi Nyumbani Kwangu

Mwezi wa saba tangu Gocha ahamie Batumi,
na bado jina lake latangazwa usiku na mchana
kutoka juu ya kabati langu la vyombo:
NYUMBA YA GOCHA.
Nugzar wa ghorofa ya chini huliona simuni mwake.
Wanafunzi wa udaktari wa ghorofa ya juu huliona.
Hata fundi aliyekuja kuchomoa sarafu iliyokwama kwenye lifti
aliniuliza, kwa adabu tu, "Gocha yupo?"

Hayupo. Nipo mimi, yupo Tekle na mtihani wake wa fizikia,
na kipo kiboksi cheusi chenye taa nne
kinachokula umeme ninaoulipia mimi.

Kutumia, tunatumia. Neno la kuingilia mtandaoni
limebandikwa kwenye friji tangu Tekle akiwa na miaka sita.
Ila chumba cha ndani, kule kwenye mipangilio,
mahali jina linapobadilishwa,
kina kufuli lake, na ufunguo ulikwenda Batumi
kichwani mwa mtu.

Nikabisha hodi.
Nikaandika siku yake ya kuzaliwa. Sivyo.
Siku yangu ya kuzaliwa. Nikacheka mwenyewe. Sivyo.
Jina la mbwa wake wa utotoni, kwa herufi kubwa mwanzoni,
kisha kwa herufi ndogo, kisha na moja-mbili-tatu mkiani.
Ruta ikaniambia nimejaribu mno,
nisubiri dakika kumi na tano.
Mimi! Nisubiri! Mlangoni pangu mwenyewe!

Ningempigia. Namba ninayo.
Angenitajia, tena kwa upole,
na upole wake ndio nisioutaka.

Basi nikaipindua. Tumboni ina kibandiko,
na kibandiko kina matone ya rangi nyeupe
ya mwaka ule alipopaka dari bila kufunika kitu.
Nikakwangua kwa ukucha, taratibu, kama mtu akwanguaye ukoko:
ikatoka saba, ikatoka K,
kikatoka kitu ambacho ama ni sifuri ama ni O.
Tekle akaleta tochi, tukabishana.

Kisha kile kitundu, kama kimetobolewa na mdudu.
Pini hatuna. Nikavua hereni,
nikaingiza ncha yake, nikahisi kitu ndani kikikubali,
na Tekle akahesabu kwa sauti, hadi thelathini.
Kwenye kumi na mbili mkono ukaanza kutetemeka.
Kwenye ishirini taa zote zikazimika kwa pamoja
na nyumba ikawa kimya kwa namna nisiyoijua,
ingawa friji ilikuwa ikinguruma
na mvua ya Kutaisi ikigonga bati la roshani.
"Usiachie," Tekle akasema. "Bado."

Iliporudi, ilirudi haijui mtu.
Haikuijua simu yangu. Haikumjua Tekle,
wala ile printa iliyotutii miaka mitano.
Jina lake lilikuwa tarakimu tupu, kama mtoto wa wodini
aliyefungwa karatasi mkononi, akingoja wazazi wakubaliane.
Ilikuwa O.
Nikaingia.

Hakuna aliyesema karibu. Palikuwa na visanduku tu,
na kimoja kikiuliza: jina?

Nikakaa. Chai ikapoa. Nilikuwa nimekuja kufuta,
sikuwa nimekuja na la kuandika.
Tekle alipendekeza matusi mawili, mazuri yote,
akaenda kulala.
Mwishowe niliandika GHOROFA YA TANO KUSHOTO,
ambako ndiko tuliko.

Jumamosi Gocha alikuja kuchukua drili yake.
Akasimama karibu na viatu, koti limelowa,
simu akiiinua, akiishusha, kama mtu atafutaye mwanga.
"Mtandao umekatika?"
"Haujakatika."
Akapitia orodha. Niliona midomo yake
ikisoma ghorofa, ikisoma tano.
Hakusema kitu. Akauliza nywila.
Nikamtajia, herufi moja moja, bila haraka,
ile ya wageni.